Mzunguko wa Fundi Rajabu

Baba mdogo Kilonzo ndiye aliyeanza. Siku niliporudi Mwingi na diploma yangu ya elimu ya michezo, alisimama mbele ya wageni, kikombe mkononi, akasema, "Mtoto wetu amesomea kuruka kamba. Mbwa wa jirani akimfukuza ndipo tutaiona faida." Watu walicheka hadi mmoja akamwaga chai. Shangazi akaongeza kwamba sitafundisha hata kuku kukimbia, maana kuku tayari wanajua. Miaka michache baadaye, niliposafiri kwenda Dubai na kuvaa sare ya ulinzi, waliridhika kabisa. Sasa amefika mahali pake, walisema. Atalinda magari ya watu, na ile karatasi yake atafungia mandazi.

Leo picha yangu iko kwenye ukuta wa chuo kikuu kimoja kule Dubai, katika ule ukumbi wanaouita Ukumbi wa Heshima, wanapotundikwa wanariadha na makocha waliokipatia chuo jina. Nimevaa koti la buluu. Chini ya picha pameandikwa Benson Musyoka, na chini ya jina kuna neno moja: Kocha. Nawaambia mapema ili msome mkijua mnafundishwa na nani. Unyenyekevu niliujaribu nilipokuwa kijana, haukunipeleka popote.

Ninyi mnaoanza kazi hii mna saa za mkononi zinazowahesabia mapigo ya moyo na usingizi wa usiku. Sizidharau. Lakini hakuna saa itakayowaambia kwamba mwanafunzi wako amegombana na mama yake, wala kwamba kiatu cha kushoto kinambana. Hayo nilijifunza kuyasikia, na nasema kuyasikia kwa maana kamili, kwa sababu kikosi changu cha kwanza nilikifundisha chini ya ardhi.

Nilikuwa mlinzi wa usiku katika mnara mmoja wa makazi pale Jumeirah Lake Towers, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Chini ya mnara kulikuwa na ghorofa tatu za maegesho. Miaka ile nyumba nyingi zilikuwa hazijapata watu, kwa hiyo ghorofa ya tatu ya chini ilikaa tupu: nguzo, taa, mistari ya njano ya kugawa magari yasiyokuwapo. Nilikuwa nikiizunguka kila saa kama kampuni ilivyotaka. Sakafu laini, hakuna jua, hewa inasukumwa na mapangaboi makubwa. Kocha yeyote mwenye macho angeona nilichokiona. Lakini nilikuwa kocha bila mtu wa kumfundisha.

Mtu wa kumfundisha alikuja mwenyewe. Katika ghorofa ya kumi na moja iliishi familia yenye asili ya Unguja, watu waliokaa Dubai miaka mingi lakini ndani ya nyumba Kiswahili chao hakijapungua hata herufi. Mjukuu wao Nasra alikuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu. Alfajiri moja alishuka na viatu vya mbio, akasimama mbele ya meza yangu.

"Kaka, wewe Mkenya?"

"Mkenya halisi, madam."

"Basi unajua mbio."

Hapo ningeweza kusema kweli, kwamba kwetu Mwingi watu hukimbia wakifukuzwa na nyuki tu, na kwamba wale mabingwa anaowaona kwenye televisheni wanatoka upande mwingine kabisa wa nchi. Badala yake nilifungua mfuko wa shati, nikatoa nakala ya diploma niliyotembea nayo tangu Nairobi. Akaisoma yote, amesimama, midomo ikichezacheza.

"Basi Mungu kakuleta," alisema. "Chuoni tuna jezi, tuna jina la timu, hatuna mwalimu. Nje nako siwezi kukimbia, joto litaniua."

Kweli. Yeyote aliyewahi kufungua mlango pale mwezi wa saba saa kumi na moja alfajiri anajua: ni kama kufunua sufuria ya wali.

Ruhusa tuliipata kwa madam meneja wa mnara, kwa kuwa Nasra ni mkazi na ghorofa ilikuwa tupu. Sharti lake lilikuwa moja, meza ya mlinzi isikae bila mlinzi. Ruhusa ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Hiyo ilikuwa ya bibi yake.

Bi Zuwena alishuka na lifti siku ya kwanza, buibui jeusi, kiti cha plastiki mkononi. Akakiweka katikati ya maegesho kama hakimu.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

"Marahaba. Mwanangu, mie sikuja kutazama nguzo. Nimekuja kumtazama huyu mtoto na kukutazama wewe. Nani atamhesabia muda?"

Simu zilikuwa marufuku kwa walinzi tukiwa kazini. Nikamweleza hivyo. Bi Zuwena akaingiza mkono mkobani akatoa saa ya jikoni, ile ya mviringo unayoizungusha, ikifika inalia. Alikuwa akiitumia kuoka mikate ya kumimina.

"Nakuazima. Usiiangushe, na usinirejeshee imeharibika. Hii imetangulia kufika Dubai kuliko baba yake Nasra."

Hivyo nikapata saa, na nikapata mtunza muda pia, kwa sababu Bi Zuwena hakuwahi kukosa siku hata moja. Alikaa kwenye kiti chake akipiga kelele: "Inua goti! Unakimbia au unatafuta shilingi?" Wenzake Nasra wa chuoni walipoanza kuja, wasichana watano na wavulana wanne, wote walimwogopa yeye kuliko mimi.

Sasa lile suala la meza. Mwenzangu wa zamu ya mchana alikuwa Wasswa, Mganda, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye aliweza kusimama saa nne bila kuegemea kitu. Wote tulilala Dubai Investments Park, katika nyumba za wafanyakazi, chumba kimoja, vitanda vya juu na chini. Basi letu la asubuhi lilimfikisha kazini saa kumi na moja na nusu. Ili anishikie meza kuanzia saa kumi na moja kamili ilimbidi aondoke na basi la wafagiaji, saa kumi, usiku bado haujapauka.

Nilimwomba nikiwa na maneno mengi tayari. Hakuyahitaji.

"Siku ngapi kwa wiki?"

"Tatu."

"Mpaka lini, ssebo?" Kwao ssebo ni bwana.

"Mpaka wajue kukimbia."

Alifikiri. "Banange, jamani. Hawa watoto wa kupanda lifti? Mimi nitazeeka." Halafu akasema, "Kale, sawa. Nakukopesha. Lakini nitaandika kitabuni."

"Uandike nini?"

"Kila kitu. Sisi ni walinzi. Kama hakiko kitabuni, msimamizi anasema hakikutokea."

Nilimsihi asiandike. Nilidhani kitabu cha matukio kitanifukuzisha kazi. Akakataa kabisa. Kila siku ya mazoezi, kwa Kiingereza chake kifupi, aliandika kitu kama hiki: saa kumi na moja, Musyoka yuko ghorofa ya tatu chini, anafundisha wanafunzi kukimbia, mimi nimeshika meza yake, hakuna tukio. Shikeni hilo, litarudi.

Nilisema nilijifunza kusikia. Mle chini mguu unalia. Mwanariadha mzima hulia tap, tap, tap, mapigo yaliyo sawa. Akianza kuchoka, mguu mmoja unakokota kabla yeye mwenyewe hajajua, na ukisimama nyuma ya nguzo ukifumba macho utamjua kila mmoja kwa sauti yake. Nendeni mfundishe watu mkiwa mmefumba macho dakika tano kila siku. Ni mbinu yangu mwenyewe, haiko katika diploma yoyote, na nawapa bure.

Sasa niwasimulie kosa, kwa sababu kocha anayesimulia ushindi tu hana la kufundisha.

Nilihitaji kujua mzunguko wa maegesho una urefu gani. Mlinzi anajua kitu kimoja kuhusu maegesho vizuri kuliko mhandisi aliyeyajenga: idadi ya nafasi za magari. Pembeni mwa njia yetu zilikuwa mia moja arobaini na nane. Nikipima upana wa nafasi moja na kuzidisha, nimemaliza. Hesabu ya mwenye diploma.

Tepu niliazima kwa Fundi Rajabu wa Tanga, aliyekuwa na cherehani katika kibanda kidogo cha mtaa wa soko wa Al Ras, ndani kabisa, mahali ambapo wachukuzi wanapita na mikokoteni ya magunia ya iliki na unapaswa kujibana ukutani. Ndiye aliyekuwa akinipunguzia suruali za sare. Alinipa tepu yake ya kushonea.

"Mwalimu," aliniambia, "hiyo tepu ina mambo yake. Kuna kitu lazima—"

"Fundi," nilimkata, "nimesomea vipimo mwaka mzima. Tepu ni tepu."

Alinitazama juu ya miwani. "Haya, bwana msomi. Nenda nayo."

Nikapima nafasi ya gari: tepu nzima mara moja, halafu kipande. Nikapata mita mbili na sentimita sabini. Nikazidisha. Karibu mita mia nne kamili! Nilikaribia kupiga magoti. Mungu alikuwa amenijengea uwanja wa kimataifa chini ya ardhi. Nikachora mstari wa chaki pa kuanzia na nikawatangazia vijana: mizunguko kumi na miwili na nusu ni mita elfu tano.

Na walikimbia vizuri mno. Nasra alishuka hadi dakika ishirini na moja. Bi Zuwena aliizungusha saa yake hadi ishirini na moja, na ilipolia, krrriii, Nasra alikuwa anavuka chaki. Nikamwandikia mkuu wa michezo wa chuo, bwana mmoja tuliyemwita sir, nikamwahidi medali. Sikusema nadhani. Niliahidi.

Mashindano ya vyuo yakaja, wakati wa baridi, kwenye uwanja wa kweli. Nilikuwa nimempa Nasra maagizo yaliyo wazi: kila mzunguko sekunde mia moja na moja, usipunguze, usiongeze. Alitii. Mizunguko minne ya kwanza aliongoza, na mimi nikawa natembea kando ya uwanja kama mwenye mali. Mzunguko wa saba nikausikia ule mguu. Nje haulii kama chini ya ardhi, lakini niliusikia. Wa nane wakampita wawili. Wa tisa wakampita wengine wote isipokuwa mmoja. Bado alikuwa na mizunguko miwili mbele yake aliposimama Bi Zuwena jukwaani, na saa ya jikoni mkononi mwake ikalia, krrriii, watu wote wakageuka. Nasra aliisikia. Alitazama jukwaani, akatazama njia iliyobaki, uso wake ukabadilika. Alimaliza akitembea.

Nikafanya jambo ambalo hadi leo silipendi. Nilimwambia, "Umekula nini jana?" Nikamwambia hakulala vizuri, hakuniheshimu, moyo wake mdogo. Alikuwa ameinama, mikono magotini. Bibi yake akaichukua saa, akaitia mkobani, akafunga zipu.

Sir akaja. "Musyoka, ahsante kwa kujitolea," alisema. "Lakini mlinzi ni mlinzi. Khalas, imekwisha." Wasichana wawili waliacha siku hiyo hiyo. Nasra alimwambia Wasswa mezani kwamba harudi tena, kwamba hana miguu ya mbio. Na nyumbani kwetu, sijui nani alipeleka habari, baba mdogo Kilonzo akanitumia ujumbe: "Vipi, kamba imekatika?"

Ijumaa yangu ya mapumziko nilikwenda Al Ras kurudisha tepu. Fundi Rajabu alikuwa anampima mchukuzi mmoja bega kwa tepu nyingine. Akaweka mwanzo wa tepu shingoni, akasoma mwisho, akaandika. Halafu akatoa kumi, kwa sauti.

"Fundi, mbona unatoa kumi?"

"Kwani wewe hukutoa?"

Nikaitazama tepu mkononi mwangu. Mwanzo wake haukuwa sifuri. Ulikuwa kumi. Ncha ile ya kwanza, sentimita kumi nzima, haikuwapo. Ilikuwa imekatwa kwa mkasi, sawa kabisa.

"Ncha ikichakaa naikata," alisema Fundi. "Mafundi wengi wa hapa tunafanya hivyo, ndiyo desturi yetu. Nami nilitaka kukwambia, ukaniambia umesoma mwaka mzima."

Nilikaa kwenye gunia la mtu. Kila nafasi ya gari niliiwekea tepu mara mbili, na kila mara nilijidanganya sentimita kumi. Nafasi mia moja arobaini na nane. Mzunguko wangu wa mita mia nne ulipungukiwa karibu mita thelathini. Nilikuwa nimemfundisha Nasra kwenye uwanja mfupi, kisha nikamwamuru akimbie uwanja mrefu kwa kasi ile ile. Hakuna moyo mdogo pale. Kulikuwa na kocha mwenye kichwa kikubwa.

"Niachie tepu hii siku chache tena," nilisema. "Nataka kumwonyesha mtu."

"Chukua. Utairudisha ukiwa na akili."

Vijana, hapa ndipo nilipoamua kama mimi ni kocha au si kocha. Ningeweza kupima upya kimya kimya, nikapaka chaki nyingine, nikamwita Nasra nikamwambia nimekusamehe, rudi. Angerudi. Angeamini maisha yake yote kwamba siku ile alishindwa yeye. Hakuna mtu ila Fundi aliyejua, na Fundi asingepanda lifti kwenda kumwambia.

Nilipanda mimi, ghorofa ya kumi na moja, mchana, nimevaa shati la kanisani. Bi Zuwena alifungua mlango na hakunikaribisha. Nikaitandaza tepu kwenye zulia lao, pale pale kizingitini, nikawaonyesha pasipokuwa na sifuri. Nikaeleza yote, hadi lile la kumkata Fundi kauli. Nasra alipiga magoti, akaishika ile ncha.

"Kwa hiyo mimi sikuchoka?"

"Ulichoka kwa sababu nilikutuma mbio ambazo hakuna mtu angeziweza kwa mazoezi yale. Kosa langu lote."

"Na uliniambia nina moyo mdogo."

"Nilikwambia."

Halafu Bi Zuwena akaanza kucheka, taratibu, mabega yakitikisika. "Saa yangu ilikuwa sawa!" alisema. "Siku zote hizi nadhani saa yangu mbovu! Nasra, mpe mwalimu chai. Diploma! Mtu ana diploma na hajui pa kuanzia!" Akatoa saa mkobani, akanirudishia mkononi.

Nilikwenda kwa sir vilevile na tepu ile ile. Aliishika, akacheka, akasema hajawahi kuona mtu akipeleka ushahidi dhidi yake mwenyewe. Akanipa msimu mmoja zaidi.

Tulipima upya. Na kutokana na kosa lile nikaunda kitu ambacho sasa kila kocha aliyepitia mikononi mwangu anakifanya. Baada ya kumaliza mazoezi, baada ya saa kulia, kikosi kizima kinakimbia mzunguko mmoja zaidi. Haupimwi. Hauhesabiwi. Tuliuita mzunguko wa Fundi. Unaufundisha mwili kwamba mwisho unaoufikiria huenda si mwisho wenyewe. Msimu uliofuata, kwenye uwanja wa kweli, saa ya Bi Zuwena ililia jukwaani na Nasra alikuwa amebakiwa na nusu mzunguko, na hapo ndipo alipoanza kupita watu. Aliwapita wote. Na uliofuata akawapita tena. Kikosi chetu cha chini ya ardhi kilichukua kombe la vyuo mara mbili mfululizo, na ninyi nitajieni kocha mwingine aliyefanya hivyo akiwa na saa ya mikate.

Mkataba wangu ulipokwisha nilirudi Mwingi. Nilijenga, nilioa, nilifungua kambi yangu ya mbio. Mnaifahamu, wengine wenu mlipita hapo. Fundi Rajabu sikuwa nimemrudishia tepu, siku niliyokwenda kuaga kibanda kilikuwa kimefungwa. Bi Zuwena aliitia saa yake kwenye begi langu kwa nguvu. "Utaileta ukirudi," alisema, nami nilijua hiyo ndiyo njia yake ya kunilazimisha kurudi. Na Wasswa, ambaye kwa misimu mitatu alitoka kitandani kabla ya saa kumi kwa ajili yangu, tuliagana kwa mkono tu, kwa sababu sikuona kitu cha kumpa kinachofanana.

Barua ya chuo ilikuja muongo mmoja ukikaribia kupita tangu nirudi. Wanafungua Ukumbi wa Heshima, watawatunuku wanariadha wa zamani na makocha. Jina la Nasra lilikuwa la kwanza. Nasra, ambaye sasa ni mtu mkubwa katika ofisi kubwa, aliwajibu kwamba hatapanda jukwaani bila kocha wake. Kamati ikatafuta jina langu katika orodha ya makocha, haikulipata. Wakatafuta mkataba, haukuwapo. Karatasi zote za nchi ile zilisema Musyoka ni mlinzi wa kampuni fulani. Sir alikuwa amekwisha kuhama. Wakaniandikia kwa adabu: je, bwana anaweza kuthibitisha?

Nilituma diploma. Wakajibu kwamba inathibitisha nilisoma, haithibitishi nilifundisha. Nawaambieni, nilikosa usingizi. Nilimwona baba mdogo Kilonzo akicheka kabla hata hajajua.

Nasra ndiye aliyekumbuka. Alikwenda kwa madam meneja wa mnara, akaomba vitabu vya matukio vya miaka ile. Vilikuwa stoo, ndani ya maboksi. Alinitumia picha za kurasa, moja baada ya nyingine, mwandiko wa Wasswa uliosimama wima kama mwenyewe. Musyoka anafundisha. Musyoka anafundisha. Mimi nimeshika meza yake. Hakuna tukio. Misimu mitatu. Kitu nilichomsihi asiandike ndicho kilichoniweka ukutani.

Kamati iliandika mstari mmoja tu: karibu, Kocha.

Nilifika na siku moja ya ziada kabla ya sherehe, na niliitumia. Asubuhi nilikuwa Al Ras. Fundi Rajabu, mvi kichwa kizima, cherehani ile ile. Nikamkabidhi tepu. Nilikuwa nimempa fundi wa Mwingi aiungie kipande cha sentimita kumi, kuanzia sifuri, ushonaji safi. Niliitandaza kwa fahari.

Fundi aliipitisha vidoleni. "Mwalimu, umeniharibia."

"Nimeikamilisha!"

"Mkono wangu unatoa kumi miaka thelathini! Sasa kila kanzu itatoka fupi!" Akachukua mkasi, chwap, akakata kile kipande. Akanipa. "Hicho ndicho chako. Hapo sasa tumelipana."

Adhuhuri nilipanda ghorofa ya kumi na moja. Bi Zuwena haoni vizuri siku hizi. Nilimwekea saa kiganjani, akaizungusha, akaisikiliza inavyotembea hadi ikalia.

"Haijaharibika," alisema.

"Hapana, bibi."

"Basi kaa. Mkate uko motoni."

Sherehe ilikuwa siku ya pili, saa kumi jioni. Nilipofika getini mwa chuo nikiwa na koti la buluu, mlinzi wa kitabu cha wageni aliinuka bila kuegemea kitu. Kampuni ilikuwa imemhamishia pale mwaka uliopita.

"Jina, sir?" aliuliza Wasswa, kama hanijui. "Umekuja kumwona nani?"

"Nimekuja kujiona mwenyewe ukutani."

"Banange! Sasa huyu na majivuno yake tungelala naye wapi chumbani?" Tulishikana hadi msururu wa magari ukaanza kupiga honi.

Nikamuuliza kama anaingia. Akaonyesha kiti chake kwa kidevu. Yuko zamuni hadi usiku. Hakulalamika, alisema tu kama anavyosema saa ngapi.

Ndani walinipigia makofi, wakanivisha medali, Nasra akasimulia habari ya tepu na ukumbi mzima ukacheka. Nilicheka nao. Lakini nilipokuwa natazama picha yangu, niliona kurasa zile. Nikamwendea mkuu mpya wa michezo, akampigia msimamizi wa walinzi, Mkenya mwenzangu, ambaye alikuja akinikodolea macho. Nikamweleza kwamba mlinzi wa kizuizi cha magari, mwenye leseni, angebaki getini, kwa hiyo kanuni haivunjwi. Mimi nataka tu kiti cha kitabu cha wageni, ili Wasswa aingie.

"Boss, na hiyo medali?" aliuliza.

"Na hiyo medali."

"Saa moja tu, dakika sitini. Isizidi."

Nikatoka hadi getini. "Yalla, ssebo, inuka. Ingia ndani, kuna chakula, na kuna picha ya mtu unayemjua."

"Nani atakaa hapa?"

Nilimwonyesha. Alinitazama, akaitazama sare yake, akaifuta kifuani kwa viganja, akavua kofia. Halafu akaenda, mrefu, polepole, na nikaona Nasra amemngojea mlangoni na kumshika mkono.

Nikakaa. Nikafungua kitabu, nikaandika: Wasswa yuko ukumbini, mimi nimeshika meza yake, hakuna tukio. Wageni waliochelewa walipita. Mmoja, akiona koti na medali, aliuliza kama mimi ni mlinzi au mheshimiwa. Nikamwambia asaini hapa, mbele kulia.

Saa moja ilipotimia, Wasswa alirudi akiwa na sahani iliyofunikwa, macho mekundu kidogo.

"Imekwisha, Kocha. Umenilipa."

Msimamizi alikuwa amesimama kwenye kizuizi, akitazama saa yake, halafu akatazama upande mwingine.

"Bado mzunguko wa Fundi," nilimwambia Wasswa. "Rudi ndani."